Akina Mwenda: Jina Moja, Watu Wengi

Katika vitu apewavyo mtu duniani, jina ni la kwanza kumfikia na la mwisho kumwacha. Nguo huchakaa, mali hugawanywa na warithi, na nyumba huanguka. Lakini jina huendelea kutajwa hata baada ya kaburi kusawazika na ardhi. Kwa sababu hiyo wanahistoria hulitegemea sana. Hulishika kama msafiri ashikavyo kamba ya daraja, wakiamini kuwa litawavusha salama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Imani hiyo ina hatari yake. Jina halikubali kuwa mali ya mtu mmoja. Laweza kurithiwa, kuazimwa, kutwaliwa kwa heshima, au kutolewa kwa bahati tu, hata watu wawili ambao hawakupata kuonana wakakutana katika kitabu kimoja wamevaa vazi moja. Hapo msomaji asiyeangalia humtwika wa pili mzigo wa wa kwanza, au humvika wa kwanza taji la wa pili. Kosa la namna hiyo si dogo. Mfu hawezi kusimama akajitetea, na historia ndiyo baraza lake pekee.

Mfano mzuri wa jambo hili ni jina la Mwenda. Jina hilo limebebwa na mfalme aliyejenga dola, na warithi wake waliotawala chini ya bendera za wageni, na mwanasiasa aliyetajwa katika moja ya misiba mikubwa ya Afrika, na mpiga gitaa aliyependwa na watu ambao hawakujua lolote juu ya wafalme hao. Wote wanahusiana na mji mmoja, Bunkeya, ulio Katanga. Lakini mzizi wa habari yao hauko Katanga. Uko upande huu wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wasumbwa.

Nchi hiyo leo hujulikana kwa mambo mengine. Masumbwe, mji ambao jina lake ladumisha jina la Wasumbwa wenyewe, umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, kando ya barabara itokayo Kahama kuelekea Ushirombo na mipaka ya Rwanda na Burundi. Kabla ya mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoundwa, sehemu hizo zilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Atajaye nchi hiyo leo hutaja dhahabu, na wachimbaji waliotoka pande zote za Tanzania kuifuata. Katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Wakati huo Wasumbwa ndio waliotoka kwao kuyafuata madini ya mbali. Walikuwa jamaa wa karibu wa Wanyamwezi, na watu wa pwani mara nyingi waliwaita wote kwa jina hilo moja la Wanyamwezi. Na hapa tayari jina moja limekwisha kuficha watu wengi. Walisafiri kwa miguu, wakavuka au kuzunguka Ziwa Tanganyika, wakafika Katanga kununua shaba, iliyoyeyushwa na wenyeji na kumiminwa katika umbo la misalaba. Shaba hiyo waliileta kwao, ikauzwa, na wengine wakafua vikuku na nyaya.

Miongoni mwa wasafiri hao alikuwamo mtu aliyeitwa Kalasa. Mwanawe, ambaye jina lake la ujana lilikuwa Ngelengwa, alifuata njia ya baba yake, na katikati ya karne hiyo akakaa Katanga asirudi tena. Alikuwa na wafuasi wachache, lakini walikuwa na bunduki, na bunduki katika nchi hiyo wakati huo zilikuwa chache sana. Aliingia katika ugomvi wa watawala wa wenyeji, akamsaidia huyu dhidi ya yule, na kila msaada ukamwongezea nguvu, hata waliosaidiwa wakawa raia wa msaidizi. Wafuasi wake wakaitwa Wayeke, jina linalohusishwa na chama cha wawindaji wa tembo cha Unyamwezi. Yeye mwenyewe akawa mwami, akaweka makao yake Bunkeya, na jina lake la ufalme likawa Mwenda.

Hata hivyo ulimwengu haukumjua kwa jina hilo. Ulimjua kwa jina la Msiri. Na jina hilo nalo halikuandikwa kwa namna moja: wengine waliandika Msiri, wengine Msidi, na Wayeke wenyewe husema Mushidi. Ngelengwa, Mwenda, Msiri, Msidi, Mushidi: mwanafunzi akizikuta sura hizi tano katika vitabu vitano aweza kudhani kuwa Katanga ilitawaliwa na watu watano, ilhali mtu ni yule yule. Jambo hili si la ajabu kwa desturi za Unyamwezi. Jirani yake wa zama zile, mtemi mkuu wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, alizaliwa akiitwa Mtyela, na jina la Mirambo alilipata kwa vita. Katika desturi hizo jina la utotoni humwambia mtu alikotoka, na jina la ukubwani huwaambia watu wengine amefanya nini. Mtu huongeza jina kama mti uongezavyo tawi, wala halitupi lile la kwanza. Basi mtafiti wa mambo ya nchi hizi ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Yampasa kuyakusanya majina mengi na kuyarudisha kwa mtu mmoja, na yampasa kulichukua jina moja na kuligawa kwa watu wengi. Anayefanya kazi moja na kuiacha ya pili amefanya nusu.

Ufalme wa Mwenda Msiri ulisimama juu ya biashara. Bunkeya ilielekea pwani mbili. Upande wa mashariki misafara ilikwenda Unyamwezi na Zanzibari. Upande wa magharibi ilikwenda Angola, kwenye bandari ya Benguela. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilitoka, bunduki, baruti na nguo zikaingia. Yafaa kusema bila kuficha kuwa katika biashara hiyo binadamu walihesabiwa pamoja na bidhaa, na kwamba mwami huyo alitawala kwa ukali ulioogopwa. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya mwaka 1886 alikuta mji mkubwa wenye mtawala asiyemtii mtu. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika na mkataba mkononi, akaondoka nao bila kutiwa sahihi. Msiri alijua kuwa karatasi ya mgeni yaweza kuwa nzito kuliko mzigo wa shaba.

Msafara uliomwua ulitoka Zanzibari. Uliongozwa na Kapteni William Stairs kwa niaba ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo. Wengi wa wapagazi wake walikuwa watu waliochukuliwa Zanzibari na pwani, na njia waliyopita ilikuwa ile ile ya Tabora ambayo watu wa Unyamwezi na Usumbwa waliikanyaga miaka mingi kwa biashara yao. Ulifika Bunkeya mwezi wa Desemba 1891. Mazungumzo yakashindikana, bendera ya Kongo ikasimamishwa bila idhini ya mwenye nchi, na tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson akampiga Msiri risasi. Bodson naye aliuawa na watu wa Msiri katika tukio hilo hilo. Katika mwaka huo huo wa 1891 wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni yao Ushirombo, katika nchi ile ambayo watu wa Msiri walitoka. Hivyo Wasumbwa wa magharibi na Wasumbwa wa mashariki waliingia katika mikono ya Wazungu mwaka mmoja, upande mmoja kwa risasi na upande mwingine kwa kengele ya kanisa.

Mwili wa Mwenda ulizikwa, lakini jina la Mwenda halikuzikwa. Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Mwanawe Mukanda-Bantu alishika kiti mwaka 1891, akakikalia mpaka 1910. Akafuata Kitanika mpaka 1940, kisha Munongo mpaka 1956, kisha Antoine Munongo mpaka 1976, kisha Godefroid Munongo mpaka 1992. Kila mmoja wao, pamoja na majina yake mwenyewe, alikuwa Mwenda. Kwa lugha ya ufalme huo hakuna kosa lolote katika kusema kuwa Mwenda alipigwa risasi mwaka 1891, na kwamba Mwenda alitawala mwaka 1900, na kwamba Mwenda alifariki mwaka 1992. Mwenda ni kiti, na wanaokikalia hupita. Wazee wanaposema kuwa Mwenda alifanya hivi au vile, huenda wanasema habari ya miaka mia moja kwa sentensi moja, na hawamdanganyi mtu. Anayedanganyika ni yule mwandishi anayeinua kalamu na kuandika mwaka mmoja mbele ya sentensi hiyo.

Tazama tofauti iliyopo kati ya wawili wa kwanza. Mwenda Msiri aliikataa bendera ya Kongo, akafa. Mwenda Mukanda-Bantu aliipokea bendera hiyo hiyo, na Wayeke wake wakapigana bega kwa bega na askari wa Dola ya Kongo dhidi ya Wasanga, ambao walikuwa wameasi utawala wa baba yake. Mwenye haraka ya kuhukumu aweza kumwita wa kwanza shujaa na wa pili msaliti. Lakini wa pili alirithi nchi iliyovunjika, njaa, raia walioasi na mgeni mwenye bunduki aliyekwisha kuketi uani. Kilichobaki kwake kukiokoa kilikuwa jina na kiti, na hivyo alivihifadhi. Mtu aweza kumlaumu au kumwelewa. Lakini hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili kwa haki ikiwa hajamtenga kwanza na baba yake. Akiwachanganya, atapata mtu mmoja wa ajabu aliyekataa na kukubali jambo lile lile katika mwezi mmoja, na mtu huyo hakupata kuishi.

Jina la Munongo nalo laleta fumbo lake ndani ya fumbo. Antoine na Godefroid walikuwa ndugu, wote wawili wa uzao wa Msiri, wote wawili wakiitwa Munongo, na wote wawili wakaja kuwa Mwenda kwa zamu. Antoine aliipenda historia ya watu wake, akaikusanya na kuiandika. Kitabu chake juu ya historia ya Wayeke, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1967, ni miongoni mwa vitabu ambavyo mchunguzi wa habari hizi hawezi kuviruka. Godefroid, aliyezaliwa mwaka 1925, aliingia katika siasa. Katanga ilipojitenga na Kongo mwezi wa Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, yeye alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Bendera ya nchi hiyo iliyojitenga ilichorwa misalaba mitatu ya shaba, ile ile misalaba ambayo miaka mia moja kabla yake misafara ya akina Kalasa iliibeba kwenda Usumbwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa Katanga akiwa mfungwa, akauawa usiku huo. Tangu siku ile jina la Munongo halikutengana na jina la Lumumba katika vinywa vya watu. Godefroid alifariki mwezi wa Mei 1992, wakati Mkutano Mkuu wa Taifa wa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ulipokuwa ukiendelea.

Fikiri basi hali ya msomaji ambaye amesikia tu kuwa Munongo alikuwa waziri huyo, kisha akakutana na kitabu cha historia kilichoandikwa na Munongo. Aweza kukitupa kabla ya kukifungua. Au fikiri kinyume chake: msomaji aliyekipenda kitabu akamtetea waziri kwa heshima ya mwandishi. Katika hali zote mbili jina limefanya kazi ambayo akili ndiyo ingalifanya. Aliyeandika kitabu ahukumiwe kwa kitabu, na aliyeshika wizara ahukumiwe kwa wizara. Damu yao ni moja na jina lao ni moja. Matendo yao ni mawili.

Kuna Mwenda mwingine ambaye hakukalia kiti chochote ila kile cha mpiga gitaa. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji uitwao Likasi leo, akazinasa nyimbo zake katika sahani za santuri. Kipande chake cha gitaa kiitwacho Masanga kilisafiri kuliko mpagazi yeyote wa Msiri. Aliimba kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za kwao, na kwa sababu hiyo watu wa Afrika ya Mashariki walimsikiliza kama mtu wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa sikio namna yake ya kudona nyuzi kwa vidole. Mwaka 1969 alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani nchini Zambia. Mwenyewe alijiita Mwenda wa Bayeke, yaani aliwaambia wasikilizaji wake wazi wazi atokako. Lakini wengi walilisikia neno hilo la mwisho kama pambo la wimbo tu, wasijue kuwa limebeba habari ya safari iliyoanzia Usumbwa.

Hapa pana swali la kutafakari. Katika Afrika ya Mashariki ni nani aliyelieneza zaidi jina la Mwenda: mfalme au mpiga gitaa? Mfalme alikuwa na majeshi, na wasafiri wa Ulaya waliandika habari zake. Mpiga gitaa alikuwa na nyuzi sita. Hata hivyo nyumba nyingi zilizomsikia mpiga gitaa hazikupata kumsikia mfalme. Historia iandikwayo kwa kufuata viti peke yake ingemwacha mtu huyo nje, na ingekuwa imeacha sehemu kubwa ya kile ambacho watu wenyewe walikijua na kukipenda.

Wafalme wa nchi nyingine za jirani walikuwa na shida hiyo hiyo, na kila nchi ilikuwa na dawa yake. Waganda wa leo huwatofautisha Mutesa wawili kwa hesabu. Mutesa wa Kwanza ndiye aliyempokea Speke mwaka 1862 na Stanley mwaka 1875. Mutesa wa Pili alihamishwa na Waingereza mwaka 1953, akarudi 1955, akawa rais wa Uganda tangu 1963 mpaka 1966, akafia London mwaka 1969. Zanzibari walitumia jina la baba. Khalifa bin Said alitawala tangu 1888 mpaka 1890, na katika siku zake pwani ya Tanganyika ilikabidhiwa kampuni ya Wajerumani. Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 mpaka 1960, karibu miaka 49, na wazee wengi wa Unguja na Pemba walizaliwa na kukua chini yake. Anayesema “Sultani Khalifa” bila kutaja baba amewaunganisha mtu wa miaka miwili na mtu wa nusu karne. Neno fupi “bin” linabeba kazi kubwa kuliko urefu wake.

Unyanyembe, jirani wa Usumbwa upande wa kusini, una mfano ulio karibu zaidi. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1857, mtemi alikuwa Fundikira, aliyetawala katika siku ambazo Waarabu wa Tabora walikuwa wakiongezeka nguvu. Karne moja baadaye, mwaka 1957, utemi ule ule ulishikwa na Abdallah Said Fundikira, aliyeitwa Fundikira wa Tatu, mtu aliyezaliwa 1921 na kusoma Makerere. Alikuwa katika baraza la kwanza la mawaziri la Tanganyika huru, akajiuzulu mwaka 1963, akarudi katika siasa za vyama vingi katika miaka ya 1990, akafariki 2007. Fundikira wa kwanza alijadiliana na wafanyabiashara juu ya hongo ya misafara; Fundikira wa Tatu alijadiliana na serikali juu ya sheria na katiba. Kiti kilikuwa kimoja, lakini dunia mbili zilipita chini yake.

Ukilinganisha Unyanyembe na Bunkeya waona jambo ambalo tarehe peke yake haliwezi kulionyesha. Katika Tanganyika madaraka ya utemi yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Tangu hapo jina la Fundikira limekuwa jina la ukoo: mtoto hulipata kwa kuzaliwa, kama mtoto yeyote apatavyo jina la babu yake, wala halimpi amri juu ya mtu. Bunkeya kiti hakikufutwa, na jina la Mwenda limeendelea kuwa jina la ufalme, likimngoja kila mrithi. Majina hayo mawili yalianza kwa desturi za watu wa asili moja, lakini mpaka wa wakoloni ulipita katikati, na serikali mbili huru zikachagua njia mbili. Kwa hiyo jina lile lile laweza kubadilika maana bila kubadilika hata herufi moja. Mwandishi akutaye “Fundikira” katika karatasi ya mwaka 1860 amekuta cheo; akutaye katika karatasi ya mwaka 2000 amekuta ukoo.

Lipo pia kosa la namna nyingine, la kuona udugu pasipo na udugu. Wameru wa Mlima Kenya nao wana jina la Mwenda, nalo ni la kawaida kabisa miongoni mwao. Chanzo chake ni katika lugha yao wenyewe, katika neno la kupenda. Halikutoka Bunkeya wala halikwenda huko. Mswahili naye akilisikia hukumbuka methali, husema “mwenda pole hajikwai”, na hudhani kuwa mfalme aliitwa hivyo kwa ajili ya safari zake. Fikira hiyo yapendeza, hasa kwa mtu aliyevuka nchi nzima kwa miguu. Lakini sikio ni shahidi dhaifu. Lugha za Kibantu zimekopeshana na kufanana kwa wingi, na sauti moja yaweza kuwa na wazazi kumi. Majina yafanana kama nyayo katika njia ya msafara: zote ni za miguu ya watu, lakini si za mtu mmoja.

Basi yampasa mwanafunzi wa historia, kila akutapo jina kubwa, kuuliza maswali matatu kabla ya kuliamini. La kwanza ni la mwaka: aliyetajwa aliishi lini? La pili ni la kiti: jina hili hapa ni la mtu, la cheo, au la ukoo? La tatu ni la kazi: alifanya nini yeye mwenyewe kwa mikono yake, mbali na yale aliyoyarithi? Maswali haya ni mepesi, na yaweza kuulizwa na mtoto wa shule. Lakini yakipuuzwa, Mukanda-Bantu hupoteza huzuni yake, Antoine hupoteza kitabu chake, Jean-Bosco hupoteza gitaa lake, na wote humezwa na kivuli cha mtu mmoja aliyekufa mwaka 1891.

Faida ya maswali hayo kwa watu wa nchi ya Masumbwe ni kubwa zaidi. Dhahabu imewaletea wageni wengi, na nchi inayopokea wageni wengi yaweza kusahau kuwa nayo iliwahi kutoa wageni wake. Kijana wa Kisumbwa akifundishwa kuwa Msiri alikuwa mfalme wa Kongo tu, atalipita jina hilo kama apitavyo jina la mfalme wa Ulaya. Akifundishwa kwamba alikuwa Ngelengwa mwana wa Kalasa, aliyeondoka Usumbwa kwa ajili ya shaba, na kwamba nyuma yake walikuja akina Mwenda wengine, mmoja mkali, mmoja mvumilivu, mmoja mwandishi, mmoja wa kuogopwa, na mmoja mwenye nyuzi sita, hapo atakuwa amepewa urithi wenye watu ndani yake. Ataweza kumpenda mmoja na kumkataa mwingine, nayo ni haki ya kila mrithi. Lakini hawezi kuchagua mpaka kwanza awahesabu, na kumwita kila mmoja kwa mwaka wake.